Pacha wa Mjomba Hassani

Jumamosi, Kibiti. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa, alasiri imeshapita, haijaamua kuacha. Bati linapiga kelele, kwa hiyo leo hakuna atakayenisikia. Ni vizuri. Sitaki kusikika.

Mjomba Hassani, aliyekuwa akikaa kwetu, ameondoka asubuhi. Mwanawe, kaka Shabani, alikuja kumchukua kumpeleka Mloka. Walimbeba watu wawili mpaka kwenye gari, mguu wake wa kushoto ukiburutika kwenye tope. Aliniangalia mimi, si mama, akasema lile neno lake.

"Pacha."

Nami nikafanya nilichofanya. Nitakiandika, ila niache nianze mbali kidogo, maana nikianza na hicho sitaweza kuendelea.

Mjomba alikuwa mpiga gitaa. Alipiga kwenye bendi ndogo ya harusi kule Ikwiriri kabla sijazaliwa. Bendi ikafa, yeye akabaki na gitaa. Nilipomaliza kidato cha nne na jina langu lisionekane kwenye orodha yoyote ya waliochaguliwa, wenzangu waliondoka na mimi nikabaki nafagia uwanja. Kila aliyepita aliniuliza sasa itakuwaje. Mjomba peke yake hakuuliza. Alinipa gitaa nishike.

Mimi ni mtu ninayeona haya hata kumsalimia mwenye duka. Kwa Mjomba sikulazimika kusema kitu. Anapiga, ananyamaza, kisha ananiambia, "Haya, mjomba, zamu yako." Tulikuwa tunaitana mjomba wote wawili.

Ana wimbo mmoja alioutunga mwenyewe. Hauna maneno. Unatembea taratibu, halafu unafika mahali unaruka juu, kama mtu aliyecheka bila kutarajia, kisha unarudi chini na heshima zake. Nilikuwa bado sijafika kwenye kicheko pale kiharusi kilipomkuta. Mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi, ukafa. Maneno nayo yakaondoka, yakabaki mawili tu: "siyo" na "pacha".

Nikajiwekea jambo moja. Nimpigie wimbo wake, wote, angali anasikia.

Kwa kuwa hakuweza kunionyesha tena, nilipakua programu kwenye simu. Inachora shingo ya gitaa, nyuzi sita na vyuma vyake. Ukichagua skeli, yaani ngazi ya sauti za wimbo, vidoti vinawaka shingo nzima. Ukichagua kodi, yaani sauti chache zinazopigwa kwa pamoja, vingi vinafifia, vinabaki vya kodi hiyo tu. Siku ya kwanza nilikaa nayo mpaka mboga ikaungua. Nilikuwa nadhani skeli na kodi ni vitu viwili vya kukariri mbalimbali, kama historia na jiografia. Kumbe ni watu walewale. Skeli ni mtaa mzima, kodi ni wale watatu waliokaa pamoja barazani. Ukijua nani wamekaa, unajua nani anaweza kupita akasalimia bila kuharibu mazungumzo. Nilimweleza mama kwamba kodi zote tatu za Mjomba zinatoka kwenye skeli moja. Akaniuliza kodi ya nani tena, mbona nyumba ni yetu wenyewe.

Nilicheka. Sikumbuki kama nimecheka tena tangu siku ile.

Gitaa la Mjomba lilikuwa na nyuzi zenye kutu. Na kwenye picha ya programu nyuzi zinaanzia nene, zinapungua mojamoja mpaka nyembamba. Za Mjomba hazikuwa hivyo. Uzi wa nne, ukihesabu kutoka upande wa nyembamba, ambao ulipaswa kuwa mnene, ulikuwa mwembamba mno. Nikiupima kwa simu, ambayo huwa kijani sauti ikikaa sawa, inabaki nyekundu. Nikamwonea huruma. Nikadhani uzi wake ulikatika siku moja, akakosa wa kuweka, akafunga wowote alioupata. Nikaagiza nyuzi mpya Dar, zikaja na basi. Nikafunga zote sita kama picha inavyotaka, nikakaza na kulegeza mpaka simu ikawa kijani kwa kila uzi. Ule mwembamba wa zamani mama aliuchukua akafungia mlango wa banda la kuku.

Nikampigia Mjomba. Vidole vyangu vilikuwa mahali pake, kila kidoti sawa.

"Siyo," akasema.

Nikarudia. Siyo. Nikabadilisha skeli, nikajaribu kodi za jirani, nikahamisha mkono juu ya shingo na chini ya shingo. Programu ilinikubalia kila kitu na yeye alinikatalia kila kitu. Ilikuwa hivyo kila siku. Na kila mara aliunyoosha mkono wake mzima kwenye gitaa akasema, "Pacha."

Mjomba alizaliwa pacha. Mwenzake, Huseni, alifariki wakiwa wadogo, hata jandoni hawajaenda. Kwa hiyo nyumbani kila mtu alielewa. Mama aligeukia ukutani akalia, akasema kaka yake anamwona mwenzake, anaitwa. Kaka Shabani aliposikia akasema basi arudi Mloka, asomewe dua nyumbani kwake, na mambo ya magitaa yakome.

Ndiyo maana ya gari la leo asubuhi.

Na pale aliponiangalia akasema "Pacha", mimi nisiyesema mbele za watu nilisema. Nilitaka angalau mara moja nimsaidie.

"Mjomba, pacha wako alishafariki. Zamani sana. Hayupo tena."

Akanitazama. Akalitazama gitaa mkononi mwangu. Kisha akalia kama mtoto, bila kuficha uso, na kaka Shabani akafunga mlango wa gari.

Mchana banda la kuku lilianza kuingiwa na maji, nikaenda kuwahamisha kuku. Nilipokuwa nafungua mlango, ncha ya ule uzi ikanichoma kidole. Nikaukunjua. Nikasimama nao mvuani. Nilikuwa sijawahi kuutazama hivyo, peke yake. Nikaingia nao ndani nikauweka karibu na uzi wa kwanza wa gitaa, ule mwembamba kuliko wote. Walikuwa sawasawa. Unene mmoja. Uzi wa kwanza, na mwenzake katika nafasi ya nne.

Pacha.

Hakuwa anamwita Huseni. Alikuwa ananiuliza uzi wake uko wapi.

Ule wa kwenye banda umepindapinda, hauwezi tena. Basi nikautoa uzi wa kwanza nikaufunga kwenye nafasi ya nne. Nikaukaza taratibu. Programu inautaka uzi wa nne utoe sauti nzito, ya kiume. Huu ukitoa sauti ya jina lilelile, unaitoa juu, kwa sauti ya mtoto. Kidoti ni kilekile, jina ni lilelile, na picha ya programu haionyeshi sauti iko juu au iko chini. Ndiyo maana nilikuwa sahihi siku zote na nilikuwa nimekosea siku zote.

Simu ikawa nyekundu. Nikaiacha nyekundu.

Nikapiga wimbo. Ulipofika pale, uliruka. Kicheko kikatoka, chote, kwenye chumba ambacho kitanda cha Mjomba kimeshatanduliwa.

Nimeupiga mara moja tu, nikaliweka gitaa chini. Sikufurahi. Nilidhani nikiupata nitafurahi.

Sasa hivi kaka Shabani amempigia mama. Wamefika, njia ilikuwa mbaya sana. Mgonjwa amegeukia ukutani, hataki uji, na hata lile neno lake halisemi tena. Mama amesema Alhamdulillah, ametulia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikitaka kumwambia. Kisha nikageuka. Nikaja kuandika hapa, kwa watu nisiowajua, kama kawaida yangu.

Kesho nitaomba simu ya mama, maana ya kwake kaka Shabani lazima ataipokea. Nitampigia, mimi ninayeshindwa kuagiza chumvi, nimwombe aiweke simu sikioni mwa baba yake. Atasema magitaa yakome. Labda atakata. Na akikubali, je? Mtu unamwambiaje kwamba pacha wake hakufa, alikuwa amefungiwa mlango wa banda la kuku?