Suruali ya Kijivu katika Daftari la Redio

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mwalimu. Darasa la saba sikulimaliza, lakini Kiingereza changu kinatembea chenyewe bila mkongojo. Mdogo wangu yuko la sita, amekwama kwenye usemi halisi na usemi wa taarifa. Namwita Redio — ukimwambia neno asubuhi, mchana mtaa mzima umelisikia. Nikamkalisha kitako. Usemi halisi, nikamwambia, ni maneno yalivyomtoka mtu mdomoni, yamefungwa kwa alama zake kama shati lenye vifungo. Usemi wa taarifa ni wewe unamsimulia mwingine. Vifungo vinatoka, "mimi" anageuka "yeye", "leo" inageuka "siku ile". Kwisha kazi.

Redio akasema mwalimu wao hafundishi hivyo. Nikamwambia mwalimu wao hajawahi kushona vifungo.

Mama akauliza, kama najua yote hayo mbona nilitoka shule. Mama naye.

Jumanne, 4 Machi

Siku mbaya. Naandika humu kwa sababu daftari hili halina mdomo.

Dukani tuko watatu. Fundi anakata na kushona. Mzee Pasi anapiga pasi, tangu mimi sijazaliwa. Mimi ni vifungo, mapindo na maneno. Mzee Pasi alitoka kwenda msalani. Suruali ya kijivu ya karani mmoja wa benki iko mezani, pasi ina moto. Nikasema ngoja nimmalizie, aone vijana tunavyofanya. Kitambaa kibichi cha kutandika juu sikukiweka. Hicho ni cha wazee.

Kuinua pasi — doa la kahawia pajani, umbo la pasi yenyewe, na ncha yake. Nikairudisha pasi mahali pake, nikarudi kwenye vifungo vyangu. Nikapiga na mluzi.

Mzee akarudi, akaendelea na suruali ileile. Fundi ndiye aliyeona. Mzee akainama mpaka pua ikagusa kitambaa. Akasema, "Macho yangu, fundi. Macho haya." Alidhani kweli ni yeye!

Fundi akanigeukia. "Profesa, wewe uliona?" Wananiita Profesa kwa ajili ya Kiingereza changu. Nikasema sikuona, nilikuwa natunga uzi.

Jioni nikamwambia Redio. Redio, katika watu wote! Kifua kilikuwa kimejaa, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nikamwapisha kwamba hatamwambia mtu. Akaapa.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi amempumzisha Mzee Pasi. Ndilo neno lake, kumpumzisha. Amesema macho yakishakataa, kesho ataunguza suti nzima. Mzee alikunja aproni yake mara nne, akaiweka mezani, akanipa mkono. "Sasa pasi ni yako, mjukuu wangu. Kitambaa kibichi usikisahau."

Mimi nina jibu la kila kitu. Leo nilisema, "Haya, babu." Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Redio amerudi anarukaruka. Mwalimu aliwapa kazi ya nyumbani: sentensi tano zilizosemwa kweli nyumbani, si za kutunga, kisha wazigeuze ziwe usemi wa taarifa. Redio amepata tano kwa tano. Nikamwambia ashukuru alikuwa na mwalimu kama mimi. Nikafungua daftari.

Ya kwanza, mama anauliza nani amemaliza sukari. Ya pili, mama tena, sukari tena. Ya tatu:

My brother said that he had burnt the grey trousers that day.

Kaka yangu alisema kwamba alikuwa ameunguza suruali ya kijivu siku ile. Vema kubwa nyekundu pembeni.

"Si uliapa wewe?"

"Niliapa sitamwambia mtu. Sikumwambia. Niliandika."

"Ukaandika la kwangu?"

"Mwalimu alisema ziwe za kweli. Na mama husema sukari tu."

Kumbe hata hapo hatujafika mwisho. Mwalimu alifurahi sana, akaziandika zote ubaoni, darasa zima likanakili kama mfano. Watoto arobaini na wawili. Dhambi yangu iko kwenye madaftari arobaini na mawili, kwa mwandiko safi, na siwezi kufuta hata moja. Binti wa Fundi anakaa dawati moja na Redio. Nikauliza, roho mkononi, yule binti alisema nini.

"Aliuliza tu burnt inaandikwaje."

Halafu Redio akaniangalia. "Kwani kule dukani wewe ulisemaje?"

Nikamwambia akaoge.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza nilisema, "Fundi, kuna jambo," akasema, "Sema," nikasema uzi mweusi umekwisha. Haujaisha. Mara ya pili aliingia mteja. Mara ya tatu hakuingia mtu yeyote, na bado nikauliza habari za uzi. Fundi akasema Profesa leo umepata homa.

Pasi ni yangu sasa. Nalowesha kitambaa, nakamua, nalowesha tena. Nimepiga suruali mbili tu kutwa nzima.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa dukani, daftari chini ya meza, kama ninayenakili vipimo.

Mzee Pasi amekuja. Ameazima miwani ya shemeji yake, imefungwa uzi upande mmoja. Anaomba ajaribiwe upya, suruali moja tu. Fundi hajamkubalia, hajamkatalia, amemwambia akae kwenye benchi kwanza. Amekaa karibu yangu. Ananusa hewa, anasema kitambaa changu nimekilowesha mno.

Kisha Fundi akatoa daftari la binti yake kwenye mfuko, akalifungua penye zile sentensi tano. Amefurahi, huyo! Kiingereza chake yeye kinaishia kwenye inchi. "Profesa, mwandiko huo unauona? Tusomee, halafu utufafanulie. Mzee naye asikie mwanangu alikofika." Nikaomba maji kwanza. Nikanywa polepole sana. Mungu mkubwa, akaingia mteja wa kupimwa koti. Fundi yuko nyuma ya pazia naye, namsikia anataja mabega.

Naweza kusoma chochote. Naweza kusema imeandikwa ng'ombe anakula majani. Hakuna wa kunikosoa humu ndani. Sukari ipo, ya kwanza na ya pili, naweza kusoma sukari tano.

Mzee amesogea. Amevaa ile miwani, ameweka kidole kwenye mstari wa tatu. Anasema anaziona herufi vizuri kabisa, hata nukta. Ananiuliza hili neno refu, trousers, maana yake nini.

Nimemwambia suruali.

Ananiuliza ya nani.

Pazia linafunguka.