Karatasi Ndani ya Redio

Baba,

Redio yako haijasema neno tangu tukuzike, na miezi minne hii yote nimemtuhumu mdogo wako, Baba mdogo Bura. Nakuandikia kwa sababu sijui nimwambie nani niliyoyaona leo asubuhi.

Unanijua. Hata muuza chumvi wa mnadani namtazama mikono. Siku ya mazishi, nyumba ilipojaa watu, Baba mdogo aliichukua redio akaipeleka kwake Kansay, eti isije ikaibiwa. Tulipoanua matanga akairudisha. Nikazungusha swichi, kimya. Nikaigeuza, nikaona skrubu za nyuma zimechubuka. Basi! Nikasema ameifungua, ametoa vya ndani akatia kwenye redio yake. Nilisema mbele ya shangazi na majirani wote. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umeangalia betri?" Nikamjibu kwamba mwizi hakosi neno. Akaondoka bila kugusa chakula. Tulipovuna maharage hakuja, na hilo nalo nikaliona ushahidi.

Fundi wa Karatu mjini sikumpelekea. Wewe mwenyewe ulisema kuna mafundi wanaopokea redio nzima wakarudisha nusu.

Lakini ulisema na mengine. Redio ikinyamaza ulitukataza kuipiga makofi. "Anza na kilicho karibu," ulisema. Betri kwanza, zimekaaje. Kisha springi, kama zina kutu. Kisha swichi. Bisibisi mwisho kabisa, na ujaribu kitu kimoja kimoja, la sivyo hutajua kipi kilichoiponya. Mimi, Baba, nilianza na mtu.

Leo duka la ushirika limeleta betri. Nimepanga foleni, nikapata, nikaja kufungua kifuniko. Kati ya betri na springi palikuwa na karatasi iliyokunjwa. Nikasema, huo hapo, mtego wa Baba mdogo! Nikaikunjua. Ni ukurasa wa kalenda yetu ya ukutani, wa siku ile gari la misheni lilipokuchukua kwenda hospitali. Ni wewe uliyeuweka, umeme usipite, betri zisiishe, uzikute ukirudi, na ukiwa huko hakuna aliyeiwasha.

Kumbe ulijua utarudi. Nimelia, Baba, kuliko siku ya kaburi.

Na Baba mdogo hakuisikiliza hata mara moja, maana karatasi ilikuwa bado mahali pake. Zile skrubu nazo nimezikumbuka. Ni kisu changu mwenyewe, mwaka ule nilipoifungua ukiwa shambani.

Kesho naibeba hadi Kansay, na shangazi nakwenda naye, maana alisikia nilipotukana, asikie na nikiomba radhi. Anasema nitasamehewa upesi. Sina hakika. Anayesamehe upesi naye namtilia shaka. Lakini akinifukuza nitarudi, nakuahidi, mpaka anipokee.

Kwaheri, Baba. Betri mpya sikuzitia. Nimeirudisha karatasi yako palepale ulipoiweka. Ataitoa Baba mdogo kwa mkono wake.

Binti yako,
Paulina