Kisu cha Baba Yako Kisiguswe na Mashine

Mpendwa mwana wa kaka yangu,

Kosa la wengi wakirithi kisu cha zamani ni kukisugua mpaka king'ae. Nawe asubuhi ulinipigia mimi shangazi yako kwa furaha: "Senge, upande mmoja nimeumaliza kwa majivu, unang'aa kama sahani ya harusi! Wa pili, pamoja na ala, nimempelekea fundi wa mashine." Kabla sijajibu simu ikakatika, na tangu hapo haipatikani. Magoti yangu hayafiki huko kwako Shinyalu, ndiyo maana nimemkabidhi mtu wa bodaboda karatasi hii.

Unakumbuka baba yako alivyorudi kutoka melini, kisu hicho amekichomeka mgongoni chini ya mkanda? Alisema amepewa na rafiki yake, mchunga ng'ombe wa Argentina, na kwamba kwao huvaliwa hivyo. Ukamwuliza, "Baba, na ukikaa hakikudungi?" Tukacheka hadi ile ingokho, yule kuku wa wageni, ikaungua jikoni.

Sasa tumemzika, na baba zako wadogo wanasema hakufika kokote, alizurura Mombasa tu. Ushahidi wao ni kwamba ubavuni mwa kisu pamegongwa jina la Ujerumani. "Argentina gani hii?" mmoja aliniuliza matangani. "Ama Wajerumani ndio wanachunganga ng'ombe huko?"

Hawajui. Mafundi wa fedha wa kule mara nyingi walinunua bapa la chuma kutoka Ulaya, kisha wakatengeneza mpini na ala wenyewe. Kwa hiyo bapa peke yake halitoshi kukuambia kisu kimetoka wapi. Tazama ala: maua yaliyochongwa, kikulabu cha kushika mkanda, na karibu na mdomo, alama ndogo ya fundi. Umri nao husomwa kwenye alama hizo, kwenye bapa lililopungua kwa kunolewa, na kwenye weusi ulioingia ndani ya michoro. Weusi huo si uchafu. Miaka ndiyo iliyouweka, na mashine itauondoa kabla fundi hajamaliza kukohoa.

Siku ya kunyoa nywele, ya kumaliza matanga, ukoo wote utakaa, na maisha ya baba yako yatasemwa mbele ya watu. Nataka kusimama nikiwa na kisu hicho mkononi. Huenda alama zikaonyesha kuwa ni kipya, cha kuuzia watalii, hilo nitalikubali. Lakini kikija kimeparuzwa hakitasema lolote, na neno la mwisho litakuwa la wanaomcheka.

Chai imepoa mbele yangu. Kila pikipiki ikipita nachungulia. Wewe nakuamini, mwanangu. Mashine ndiyo nisiyoiamini. Mungu akutunze.

Leo hii, kabla hujala, nenda kwa fundi ukichukue kisu pamoja na ala yake, ukifunge kwa kitambaa kikavu.

Senge yako