Mapezi ya Kushoto ya Shemeki Kasongo

Durban

Yaya Mujinga, dada yangu mukubwa,

Jambo yenu bote pale nyumbani. Mugongo yako inakuachaka sasa ulime, ao ingali inakukamata? Na mvua, ilikuya? Shiye huku tunapumua, hata nilinenepa. Uambie bale banasemaka Durban inanimaliza.

Ninakuandikia ku karatasi juu ku telefone unanikataka maneno. Mama Béa, ule anauzaka bitenge mpaka Lubumbashi na Kamina, njo atabeba.

Yaya, sikusahau. Kasongo, mudogo wa marehemu bwana yangu, njo alimuambia mama-mukwe ku telefone kama binti yangu Numbi anatembea ku bahari nusu uchi na bijana, kama nilishindwa kumulea. Na mama-mukwe akakata neno: mutoto arudi Kamina. Padri wa huku aliniambia nisamehe. Nikamujibu: Padri, nitasamehe, mais kwanza nimalize.

Sasa sikia kazi Numbi alikuwa anafanya ku bahari. Huku bantu banasimamaka juu ya ubao, wimbi inababeba. Chini ya ubao kuko mapezi, sawa ya samaki. Bila ile, ubao inateleza ovyo. Numbi akasema: "Mama, mapezi yangu nitatengeneza minyi mwenyewe." Ile mutoto! Kichwa ya baba yake, mikono yangu.

Akaokota bipande bya mbao ya tripleksi ku atelie ya Kasongo hapa Durban, kule anatengenezaka makabati. Pezi ya kwanza ilikunywa maji, ikavimba sawa muhogo ya kulowesha. Ya pili akaipaka rezine, dawa moja inakaukaka ngumu sawa kioo, na ndani akatia kitambaa. Kitambaa gani? Kitenge yangu ya maua ya njano, yaya! Nilipiga kelele mpaka bajirani bakatoka. Lakini ilipokauka, maua inawaka mule ndani, nikabaita bale bajirani barudi kuona. Ile nayo ilikuwa ngumu sana, ubao ikakataa kukata kona. Akapunguza ncha, ipinde kidogo sawa mukia. Anaingia mu maji, anatoka, anasugua, anarudia. Minyi nasimama na taulo, roho mu mukono. Siku moja akageuka juu ya wimbi, fyaa! Bantu bakasimama kuangalia. Nikapaza sauti kwa nguvu: "Ule ni wangu! Nilimuzala Kamina!" Toka pale bijana banamufuata: "Numbi, unitengenezee na minyi."

Kasongo akasikia. Akakuya kunisalimia, yeye mwenye alichekaka ile kazi ya Numbi, akakunywa chai yangu, na pa kutoka akachukua pezi moja ilikuwa inakauka pa dirisha. Nilimuona. Nilitaka kupiga yowe, Numbi akanishika mukono: "Mama, acha. Anabeba ya kushoto tu."

Akanielezea: mapezi ya pembeni iko sawa biatu. Upande ya ndani ni bapa, ya inje inavimba. Ya kulia ni kinyume ya ile ya kushoto. Kasongo hajalowesha hata kidole mu ile bahari, atajua wapi? Akakata na mashini yake mpaka magunia ikajaa, yote ya kushoto, akauzia mwalimu moja wa kule ku maji. Mwalimu akafunga ku mbao ya banafunzi wake. Yaya! Tulikuwa pale. Mbao yote inavuta upande moja, inazunguka, bantu banaanguka moja juu ya mwingine mu maji ya magoti. Nilicheka mpaka kitenge ikafunguka.

Mwalimu akarudisha magunia, akamwaga mbele ya atelie, bakliya ba kununua makabati banaangalia: "Weye ni fundi ao muchawi?"

Jumamosi Kasongo njo huyu pa mulango yangu.

"Shemeki, mutoto iko wapi?"

"Mutoto gani? Ule mwenye kuharibika?"

"Tuache ile. Kila pezi yangu inataka mwenzake ya kulia. Anitengenezee. Shiye ni damu moja."

"Damu? Ile ulimwaga ku telefone mpaka Kamina?"

Numbi nyuma yangu anasugua mbao, anauma midomo asicheke.

Nikamuambia: utapigia mama yako telefone siku ya Mungu, misa ikiisha, jamaa yote ikiwa pale. Utasema kwa kinywa yako, mu Kiluba: niliiba kazi ya Numbi, nilimusingizia, abaki Durban. Kabla ya pale, Numbi hatashika hata kipande. Na hutapiga mpaka yaya yangu aniambie kama barua ilifika na bantu banakusanyika. Jasho ikamutoka, akakubali.

Sasa yaya, kazi ni yako. Mukalishe mama-mukwe ku kiti ya muzuri. Mu mufuko ya Mama Béa natia pezi moja ya maua, umupe aiguse. Fungua telefone bote basikie. Kasongo akimaliza, muntu asimuambie "si kitu". Munyamaze tu, asikie ile kimya. Kisha mama-mukwe ajibu: mutoto abaki. Njo neno minyi nataka.

Unisalimie shangazi mwenye kuuza makala, na kaka yetu wa kufundisha katekisimu, na bana yake bote, na bibi yake mwenye alichekelea Numbi. Huyu umuweke karibu na telefone kabisa. Numbi anakusalimu, anasema anakupenda.

Na neno moja. Kasongo anapitaka kila siku kuniuliza: "Shemeki, barua ilifika?" Magunia inamuziba mulango ya atelie. Basi hata ukishika hii barua leo, usinitumie mesaji. Lima kwanza. Fua nguo. Upumzishe ile mugongo.

Ni minyi mudogo wako, mama ya Numbi