Shemeji Haoni, Nami Namtumia Picha za Gazeti

Mpendwa mshauri, Dada Paskazia, naomba msaada, tena upesi, ingawa mimi si mtu wa kuombaomba, hapa Kiseke mimi ndiye ninayeulizwa. Naitwa Masele, nina miaka hamsini na mbili, niliishia darasa la tano lakini walimu wenyewe walikiri kwamba ningebaki ningewapita. Shemeji yangu Mwalimu Byabato, mume wa dada yangu Sabina, alipofuka miaka mitatu iliyopita kwa presha ya macho, na tangu hapo mimi namsomea gazeti kwenye simu kila asubuhi, majirani nao wanajaa, maana nasoma kuliko redio, na penye maneno magumu naweka ya kwangu, siku moja nikaongeza habari ya sangara wa Kigongo aliyevuta kivuko kikarudi kilikotoka, watu wakapiga makofi.

Sasa binti yao Annet kamletea simu inayosoma maandishi kwa sauti, akaniambia, "Mjomba, gazeti lina toleo la maandishi matupu, mtumie baba hilo, simu itamsomea." Mimi nikawa natuma kurasa kwa picha, makusudi, simu inabaki kusema "picha, picha", mwalimu anauliza, "Masele, leo hakuna habari?" namjibu, "Shemeji, simu hizi hazijaenda shule, ngoja nikusomee mimi."

Juzi jirani yetu Ngosha kanikuta stendi ya Buzuruga: "We msomaji, mbona shemeji yako hajapeleka pingamizi? Mpaka mpya wa upimaji umekula nusu ya kiwanja chake, tangazo liko gazetini!" Nikatafuta, kweli lipo, ukurasa wa matangazo, ule wa maandishi madogo ninaourukaga. Zimebaki siku tisa za kupeleka pingamizi. Nikimwambia, na zile picha atazijua. Nisemeje heshima yangu isishuke?

Masele, Kiseke

*

Ndugu Masele,

Pole. Kumsomea mtu kila asubuhi miaka mitatu si kazi ndogo, wengi wangechoka mwezi wa kwanza. Lakini usinizungushe. Umemziba shemeji yako macho mara ya pili ili wewe upigiwe makofi. Mwalimu mzima anaambulia "picha", na sababu unaijua! Hiyo heshima, kiwanja kikienda utaiweka wapi? Na sisi wa magazeti tusijifiche nyuma yako, wengi wetu bado tunatoa kurasa ambazo simu haiwezi kuzisoma.

Barua yako imekaa njiani siku mbili, zimebaki saba. Nenda leo, dada yako akiwepo. Sema: "Shemeji, tangazo hili lilitoka, sikukusomea, na zile picha nilikutumia kusudi." Usiongeze samaki. Akifoka, nyamaza. Kisha mfungulie toleo la maandishi, mwelekeze pa kugusa, asikilize tangazo lote mwenyewe, arudie anapotaka. Halafu mfuatane ofisi ya ardhi na hati zake, mpeleke pingamizi. Maelezo atatoa yeye, wewe hakikisha nakala yake imegongwa muhuri.

Asubuhi inayofuata usiende kwake mpaka akuite. Akikuita, muulize kwanza anataka asomewe nini.