Paneli ya AC ya Gari la Maharusi

Jumatatu, 7 Novemba 1994

Nimetoka kufundisha, Baba Neema bado yumo ndani ya gari. Chai ya asubuhi hajaigusa. Kalala chali kwenye viti vya nyuma, kafungua paneli ya AC kule darini, waya zinaning'inia. Vitufe vimekufa. Vioo vya nyuma vya gari hili havifunguki, bila AC ni tanuri. Na Jumamosi ndiyo kazi yake ya kwanza: kumbeba bibi harusi, binti wa jirani yetu Mama Grace.

Kiinua mgongo chote kimeishia kwenye gari hili la kukodisha. Nilisema tununue mashine ya kusaga. Nani alinisikiliza?

Jumatano, 9 Novemba

Paneli nyingine imefika na basi la Dar. Imechomolewa kwenye gari bovu, maandishi yote Kijapani. Nimemsihi aite fundi umeme. "Miaka yote nimeshika mahesabu ya shirika, nishindwe na waya?" Nikarudi kwenye madaftari yangu. Tangu shirika liuzwe wakapunguzwa kazi, neno moja tu linamvunja.

Alhamisi, 10 Novemba

Plagi hazikuingiliana. Kazikata! Anaunga nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani, anazungushia tepu nyeusi. Mungu wangu.

Ijumaa, 11 Novemba

Inapuliza baridi. Kaniita nikae nyuma nijionee. Kweli, baridi mpaka masikioni. Kacheka. Sijamwona akicheka tangu aachishwe. Nimecheka naye, ila roho haijatulia.

Jumamosi, 12 Novemba

Aibu. Aibu tupu.

Kutoka kanisani ilikuwa shwari. Maharusi lazima wazungushwe mjini, matarumbeta yakitangulia kwenye pikapu. Kufika soko la Majengo, paneli ikageuka, ikaanza kupuliza moto. Baba Neema akasimamisha gari, akanyoosha mkono nyuma; kila kitufe alichobonyeza, moto ule ule. Mimi niko kiti cha mbele, nageuka huku na huku, sina msaada. Poda ya bibi harusi ikachuruzika mpaka kwenye shela. "Baba Neema, nishushe, nakufa!" Wauza mahindi wakaacha mizani, wakaja kutazama. Maharusi wakahamia kwenye pikapu, wakabanana na dereva. Msafara ukaondoka na vigelegele. Sisi tukabaki pale.

Jioni Mama Grace kapita. "Pole, shemeji," basi. Heri angetukana.

Jumapili, 13 Novemba

Hajala. Gari liko uani, hata mlango hajaufunga. Nimesali, sikujua niombe nini.

Jumatatu, 14 Novemba

Kaamka kabla yangu. Kaoga, kanyoa ndevu, kavaa shati jeupe na tai. Nikafurahi, nikadhani kaitwa mahali. Nimemuuliza anakwenda wapi.

"Kazini, Mama Neema."

Kakaa mezani, faili lake la zamani la shirika mapajani, anatazama mlango. Kengele ya shuleni kwangu imeshalia. Nimemwongezea chai.