Mabega ya Kumbeba Ntandu

Kwako Baba Ntandu, mume wangu,

Shikamoo. Naanza na magoti yako kabla ya mengine yote: yanauma bado, au yamepoa? Na ng'ombe yule mwenye doa ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili. Kula nakula, kulala nalala kidogo. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, sijamwomba mwalimu wala mtoto wa mtu, uone kwamba darasa la saba langu halijaoza. Barua nampa mnunuzi wa asali anayerudi Singida, amesema ataifikisha Sepuka pale dukani.

Ujumbe wako nimeupata. Dereva wa lori aliusema kama ulivyousema, hakupunguza kitu: kwamba nimemzika mtoto wako porini kama mtu asiye na kwao, na nisirudi mpaka nije na maelezo. Sikukasirika. Siku ile kwenye simu nilisema tu "Ntandu hayupo tena, tumemzika huku," simu ikaisha chaji, na huku mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu. Basi maelezo ni haya. Soma ukiwa umekaa.

Unakumbuka alivyoondoka. Mtoto wetu wa kidato cha sita, ana kazi ya ofisi mjini, shati limepigwa pasi, akaja nyumbani akasema amechoka na watu. Simu ikilia ni mchango wa harusi, ikilia tena ni mchango wa kipaimara, usipotoa unasemwa, ukitoa unasemwa umetoa kidogo. Akabeba mizinga yake ya nyuki akaenda kuishi peke yake msituni, huku mbele ya Itigi. Wewe ulisema, "Mtu anayekimbia watu ni mgonjwa." Mimi nikakujibu kwamba hata manabii waliishi porini, na katika Sepuka nzima hakuna mwanaume anayeweza kulala wiki moja mahali ambapo fisi ndiye jirani. Ukaendelea kusuka kamba yako.

Na wale vijana wa Dar walipomfuata na kumrekodi, akaonekana kwenye simu za watu akirina asali kifua wazi, huku wameandika kwamba huyu ndiye mtu huru, mimi nilizunguka na picha hiyo mnada mzima. Nilimwonyesha muuza vitunguu, nikamwonyesha mke wa mchungaji. Niliringa, Baba Ntandu, na sitaki kusema sikuringa. Mtoto alikuwa mzuri kumtazama.

Sasa hao warina asali waliotuletea habari kwamba ameanguka kutoka mtini hawakutueleza yote. Nilipofika kijiji hiki, ambacho ndicho cha mwisho kabla ya msitu, walinipeleka kwake kwa miguu. Njia inakatiza mbuga ya tope jeusi, halafu kichaka kilichofungamana mpaka unainama. Pikipiki haipiti. Nikamkuta kibandani, mguu umevunjika juu ya goti, na kidonda kinanuka. Kibanda kimefagiwa, maji yamekwisha. Alikuwa ametambaa kuyatafuta, nikaona alama mchangani.

"Mama," akasema, "umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe. Nakwenda kuita watu waje na machela."

Akacheka kwa sauti ya kukauka. "Hawatakuja. Usijisumbue kuwaita."

Nikadhani ni homa. Nikamwosha, nikamnywesha uji, nikarudi kijijini mbio mbio kwa balozi wa nyumba kumi, mzee mmoja wa Kisukuma anaitwa Masanja. Huku mgonjwa asiyefikika kwa gari anabebwa kwa machela, ni kitanda cha kamba kilichofungwa miti miwili, na kila nyumba inatoa bega. Wanapokezana mpaka zahanati. Kwetu pia wazee walifanya hivyo, unajua. Basi Masanja akaita watu, wakakaa chini ya paa la mashine ya kusaga.

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kupiga magoti nikaanza kujisifu. Nikawaambia huyu si mtu wa hivi hivi, ni msomi, watu wa Dar walikuja kumpiga picha, anajulikana nchi nzima. Mwanamke mmoja akadakia nyuma, "Basi watu wa simu ndio wakambebe!" Watu wakaangua kicheko. Nikasimama pale na khanga yangu nzuri kama mti uliokatwa matawi.

Masanja hakucheka. Akasema, "Mama, hujui, nikueleze. Mwaka ule mtoto wa Shija aliumwa na nyoka akiwa na mama yake wakichuma uyoga kule msituni. Tulikwenda kumbeba. Wanaume tulikuwa wanne tu, wengine wako mashambani. Tulipita mlangoni kwa mwanao, tumechoka, tunamwita, 'Ndugu, toa bega, tuna mtoto hapa!' Hakutoka."

"Labda hakuwepo," nikasema.

"Moshi ulikuwa unatoka ndani, mama. Na mlango ulivutwa tukiwa tunatazama. Mtoto tulifika naye amekwisha."

Shija mwenyewe alikuwepo amekaa kwenye gunia la pumba. Watu wakatawanyika mmoja mmoja.

Utaniuliza kwa nini sikuita vijana wa Sepuka. Nilipanda kichuguu, nikakupigia, hukupatikana. Lakini hata ningekupata, Baba Ntandu, tungewaambia nini? Mama yako mzazi alipofariki, Ntandu alipelekewa taarifa na hakuja kuzika. Uliniambia usiku wa matanga kwamba siku yake ikifika watu watakaa kwao. Ulisema kwa uchungu, nami sikushika. Hapa niliyakuta maneno yako yamenitangulia.

Basi nikafanya nilichoweza. Nilifikia kwa mjane anaitwa Mama Pendo, mdomo wake mkali lakini mkono wake mwepesi. Akaniambia, "Wewe unataka mabega na hapa hujamtekea mtu hata ndoo ya maji. Amka kesho, kwa mzee wa kule bondeni kuna msiba." Nikaamka. Nikateka maji, nikasonga ugali wa watu wote wale, na unajua ugali wangu, hata wao walikiri. Nikaosha masufuria, nikalala mkekani na wafiwa ambao sikuwahi kuwaona. Msiba ulipoisha, mke wa mtu akashikwa uchungu, machela ikatoka, nami nikaingiza bega langu. Vijana wakanicheka: "Bibi, shuka, utatuangushia mzazi!" Nikawaambia, "Mimi nimebeba magunia ya vitunguu kabla baba zenu hawajaoa, tembea!" Nilifika nao nusu ya njia. Bega likavimba. Mtoto alizaliwa salama, wa kike.

Kila nilipopata nafasi nilikimbia kwa Ntandu na dawa za zahanati. Mganga alisema dawa hizi ni za kusubiria tu, aletwe. Mguu ulikuwa unabadilika rangi. Nikamwambia kuhusu mtoto wa Shija. Akageukia ukutani. "Niliwasikia," akasema. "Nilijiambia nikitoka leo, kesho watajua njia ya kuja kwangu."

Nikarudi na giza. Nikaenda moja kwa moja kwa Shija, nikapiga magoti mlangoni pake, sikusema habari ya Dar wala kidato. Nikasema, "Baba, mwanangu alifunga mlango. Mimi sina la kusema. Ninaomba." Alikuwa anakula. Aliosha mikono, akasema, "Nenda ukalale."

Asubuhi nikasikia hodi. Masanja ametangulia na machela, nyuma wanaume, sikuwahesabu, nilikuwa naona nguo nguo tu kwa machozi. Na Shija yumo.

Walimtoa kibandani taratibu kama wanatoa yai. Shija alishika mbele upande wa kushoto. Mvua ilikuwa imenyesha, mbuga imejaa, tope linawafika magotini, wanapokezana bila kumtua chini. Mimi natembea pembeni nimeshika mkono wake. Ulikuwa moto sana.

Akaniambia, "Mama, wanahema sana. Waambie wapumzike."

"Watapumzika wakifika."

Akauliza kwa nguvu, "Huyu wa nyuma yangu ni nani?"

"Mimi Jumanne."

"Na huyu?"

"Masanja, balozi wako, usiyemjua!" Wakacheka kidogo, na yeye akacheka. Baba Ntandu, kaishi huku miaka yote hiyo na hakujua jina la mtu hata mmoja. Akawa anauliza, nao wanajibu, kila anayepokea mti anataja jina. Mpaka akauliza, "Wa mbele, kushoto?"

Tope likalia hatua mbili tatu. Halafu yule wa mbele akasema bila kugeuka, "Shija. Baba yake yule mtoto."

Ntandu alinibana mkono. Nilidhani atasema samahani, hakusema. Aliuliza, "Bega linauma?"

Shija akasema, "Linauma."

"Badilisha, kaka."

"Sibadilishi."

Hilo la "badilisha, kaka" ndilo neno la mwisho la Ntandu. Tulipotoka majini nikauona mkono umelegea. Nikapiga kelele. Masanja akatazama, akavua kofia. Nikasema jamani mtueni sasa, mmechoka. Hawakumtua. Walimleta mpaka kijijini kwa mwendo ule ule, kama vile bado wanawahi zahanati.

Kaburi walilichimba wao, karibu na mzee yule wa bondeni niliyepika msibani kwake. Walikuja watu wengi, na nitasema ukweli nikiwa naringa: viongozi wa hapa wamezikwa na watu wachache kuliko mtoto wako. Mama Pendo alilia kuliko mimi. Sasa niambie, ningewaambia nini watu hawa? Kwamba asanteni, nipeni maiti yangu niipeleke Sepuka, mabega yenu hayatoshi? Amezikwa na waliombeba. Ukinikasirikia nikasirikie, lakini asiye na kwao hakuwa. Siku ile alikuwa na kwao.

Umeniuliza pia, kwa mdomo wa dereva, kama bado ninamsifu. Ninamsifu. Alikuwa na moyo ambao mimi na wewe hatuna, kulala gizani na kusikiliza simba bila kuomba msaada. Lakini mnadani nilisifu hata mlango wake aliouvuta, na sikujua. Watu walioandika kwamba yuko huru hawakuwepo akitambaa kutafuta maji. Ulisema ni mgonjwa, nami nikasema ni shujaa. Nafikiri tulikuwa tunamsema mtu mmoja, na hakuna kati yetu aliyekwenda kumtazama. Hilo linaniuma kuliko bega.

Sirudi sasa hivi. Mama Pendo ana homa na hana mtu, na kuna mgonjwa mwingine wa kubebwa wiki hii. Siwezi kufunga mizigo wakati wananitazama.

Nisalimie mama mdogo wa Ntandu, mdogo wangu, mwambie asiache kumwagilia ile miche ya alizeti ya majaribio. Msalimie shemeji yako fundi baiskeli, na binti yetu mkubwa kule Issuna pamoja na mkwe wetu. Wasije kwa haraka, watoto wana shule. Mke wa mchungaji mwambie ile picha ya kwenye simu aifute, au aiache, lakini asiwaonyeshe watu.

Wewe uje. Magoti yakikataa, panda mpaka Itigi, utabebwa kwa pikipiki mpaka hapa nilipo. Ukifika najua utataka kaburi la mwanao kwanza. Usianzie hapo. Anzia kwa Shija. Mtoto wake aliitwa Kulwa, na toka siku ile hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekwenda kumpa pole. Kaa naye, kula atakachokupa, umwulize habari za Kulwa mpaka amalize. Ndipo mje wote wawili, nitakuwa nawangoja kaburini kwa Ntandu.

Mkeo anayekupenda, ambaye mikono yake bado ina nguvu,

Mama Ntandu